Chokaa na Misingi ya Kemia

Elimu ya kemia, katika fikira za vijana wengi wa shule zetu za sekondari, ni elimu iliyoteremshwa bandarini ikiwa ndani ya chupa. Chupa ina karatasi iliyobandikwa, karatasi ina maandishi ya Kiingereza, na chini ya maandishi hayo mna herufi na tarakimu ndogo zilizopangwa mithili ya hirizi. Kijana huzikariri, huziandika siku ya mtihani, na mtihani ukiisha huziacha palepale alipozikuta. Hatusemi haya kwa nia ya kuwalaumu walimu, ambao aghalabu hufundisha darasa zima kwa mizani moja na chupa tatu. Twayasema kwa sababu tunaamini kwamba misingi ya elimu hiyo imo katika kazi za mikono za watu wetu, na kijana asiyeonyeshwa jambo hilo hunyimwa vitu viwili kwa pamoja: hunyimwa kemia, na hunyimwa utamaduni wake.

Mifano ni mingi. Wahaya na Wafipa walitoa chuma katika mawe. Huko Uvinza watu walichemsha maji ya chemchemi wakapata chumvi. Magadi ya Ziwa Natron yanajulikana, na pombe ya kienyeji haina haja ya kutajwa. Lakini katika insha hii tutashika chokaa peke yake, maana hiyo tuliiona ikichomwa tangu utotoni.

Tulikulia katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini, baina ya Kilwa na Lindi. Tanuri la chokaa la huko halina ukuta wala paa. Ni rundo la duara lililo wazi. Magogo mazito ya minazi na ya miti mingine hupangwa chini, ncha zake zikielekea katikati, tabaka juu ya tabaka, mpaka rundo linafika kifuani mwa mtu mzima. Katikati huachwa tundu la kupitishia moto. Juu ya magogo hayo hupangwa mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa, makubwa chini na madogo juu. Moto hutiwa kupitia tundu lile, na kijiji chote hujua, kwani moshi wake ni mzito na usiku mwanga wake huonekana na wavuvi walio mbali. Kukicha magogo yamekwisha. Mawe yamebaki na umbo lake, ila rangi yake imekuwa nyeupe zaidi, na mtu akiliinua moja baada ya kupoa hushangaa, kwa sababu mkono ulikuwa umejiandaa kubeba jiwe nao umebeba kitu chepesi.

Mzee aliyekuwa akichoma chokaa kijijini petu, ambaye sisi watoto tulimwita Babu ingawa hatukuwa na nasaba naye, alikuwa na namna yake ya kukagua kazi. Alilitia kila jiwe kubwa kiganjani akalitikisa kidogo. Likiwa jepesi alilitupa upande wa kulia, likiwa zito alilitupa upande wa kushoto. "Hili bado bichi moyoni," alisema. Hakuwa na mizani, wala hakupata kusoma shule ya serikali. Hata hivyo alikuwa akipima jambo ambalo wataalamu wa Ulaya walilibishania kwa miaka mingi, nasi tutalirudia punde.

Kwanza yafaa tulitazame neno lenyewe, kuchoma, ambalo katika Kiswahili lina kazi nyingi mno. Twasema tumechoma kuni, tumechoma nyama, tumechoma chokaa. Kwa mkemia hayo ni mambo matatu mbalimbali. Gogo la mnazi likichomwa huungana na oksijeni iliyomo hewani. Kaboni ya gogo huwa hewa ya ukaa, haidrojeni yake huwa mvuke wa maji, na joto jingi hutoka. Ukilinyima hewa, moto unakufa. Jiwe lililo juu yake haliungani na kitu chochote. Hilo lapokea joto tu, na joto likifika nyuzi 900 hivi za Selsiasi jiwe hutengana: sehemu moja hubaki chini kuwa chokaa, sehemu nyingine huondoka ikiwa hewa ya ukaa, ikachanganyika na moshi wa magogo wala jicho lisiitambue. Basi katika rundo moja, usiku mmoja, mna mmenyuko wa kuungana na mmenyuko wa kutengana, na ule wa kwanza ndio unaoulisha joto ule wa pili. Kijana aliyewahi kukesha kando ya tanuri la namna hiyo ana mahali pa kuziweka dhana hizo mbili akilini mwake. Asiyewahi kuliona hubaki na mishale miwili ubaoni.

Sasa turudi kwenye kiganja cha mzee yule. Jiwe la matumbawe, likiwa safi, ni kalsiamu kabonati. Ndani yake, kwa kila atomu moja ya kalsiamu, mna atomu moja ya kaboni na tatu za oksijeni. Tukiuhesabu uzito wa atomu kama vitabu vya shule vinavyouhesabu, kalsiamu ni 40, kaboni ni 12 na oksijeni ni 16. Jumla yake msomaji ataipata bila shida: ni 100. Hewa ya ukaa iliyoondoka ina kaboni moja na oksijeni mbili, yaani 44. Kwa hiyo kilichobaki ni 56. Maana yake ni kwamba kilo 100 za jiwe safi, zikiiva zote, hutoa kilo 56 za chokaa, wala hazitoi 60 wala 50, awe mchomaji ni nani na tanuri liwe la wapi. Mzee alipolitupa jiwe zito upande wa kushoto alikuwa akisema kwamba zile 44 hazijatoka zote.

Huko Ulaya kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba chokaa hupata ukali wake kwa kuingiwa na kitu fulani kitokacho motoni. Joseph Black wa Skotilandi ndiye aliyeichukua mizani akaonyesha, katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1756, kwamba mawe ya namna hii yakichomwa hupungua uzito, na kinachopungua ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Moto hauongezi kitu katika jiwe, unaondoa. Baadaye, mwaka 1789, Mfaransa Antoine Lavoisier alitoa kitabu chake cha misingi ya kemia na kuliweka wazi lile ambalo leo kila mwanafunzi huliita kanuni ya hifadhi ya maada: katika mmenyuko wa kikemia hakuna kinachoumbwa wala kinachopotea, na uzito wa vilivyoingia ni sawa na uzito wa vilivyotoka, mradi mpimaji asisahau kuipima na hewa.

Sisi ambao tumetumia nusu ya umri wetu katika kutunga mashairi, na nusu nyingine katika kuandika majalada ya serikali, hatuwezi kuipita kanuni hiyo bila kusimama. Dukani mizani ni chombo cha kupimia sukari. Katika utungo wa arudhi mizani ni hesabu ya silabi, nane katika ukwapi na nane katika utao, na mshororo uliopungukiwa silabi moja huchechemea hata ukisomwa na mtu mwenye sauti nzuri. Mlinganyo wa kikemia nao una ukwapi na utao. Upande wa kushoto wa mshale huandikwa vinavyoingia, upande wa kulia vinavyotoka, na idadi ya atomu za kila elementi lazima iwe sawa pande zote mbili. Liko jambo moja ambalo mkemia hana ruhusa nalo, nalo mshairi huruhusiwa. Mshairi akizidiwa na mizani aweza kulifupisha neno kwa inkisari, au kulirefusha kwa mazida. Mkemia akiona oksijeni zimezidi upande mmoja hawezi kuigusa tarakimu ndogo iliyo ndani ya fomyula, kwa sababu akiigusa amekwisha kutaja kitu kingine kabisa. Maji yenye oksijeni mbili si maji tena. Anachoweza ni kuweka tarakimu mbele ya fomyula nzima, yaani kuongeza au kupunguza maneno mazima. Tumewahi kulieleza jambo hili kwa vijana wa kidato cha pili ambao walikuwa wakifuta na kuandika upya tarakimu hizo ndogo kwa muda wa nusu saa, nao waliacha kufuta.

Lavoisier huyo, katika kitabu chake, aliorodhesha vitu 33 alivyovihesabu kuwa vya asili, visivyogawanyika zaidi, na chokaa ilikuwa mmojawapo. Hilo lisimshangaze msomaji. Kwa Lavoisier, elementi ilikuwa ni kile ambacho hakuna aliyekwisha kukigawanya, na katika mwaka 1789 hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuigawanya chokaa, ingawa mwenyewe alishuku kwamba siku moja itagawanyika. Moto uliolivunja jiwe ulishindwa na chokaa. Iliyoivunja ni umeme: mwaka 1808 Humphry Davy, katika jiji la London, alipitisha umeme katika chokaa na kuipata madini nyeupe ing'aayo, isiyopata kuonekana na mtu yeyote, akaiita kalsiamu. Basi mwanafunzi anapoambiwa kwamba kalsiamu ni elementi na chokaa ni msombo, aelezwe pia kwamba maneno hayo yana historia, na kwamba mtu alilazimika kutafuta nguvu kubwa kuliko moto ili kuyatenga.

Chokaa itokayo tanurini haijengi kitu. Ni lazima inyweshwe maji. Kazi hiyo watoto hatukuruhusiwa kuikaribia, na sababu twaifahamu: chokaa ambayo haijapata maji, ikimwagiwa, huchemka, hutoa mvuke, hupasuka na kuvimba, na tone lake likiruka jichoni laweza kumpofusha mtu. Sehemu ya joto ambalo jiwe lilikopeshwa na magogo usiku ule hurudishwa hapo. Twarudia hesabu: 56 za chokaa hunywa 18 za maji, zikawa 74 za unga mweupe ambao vitabu huuita kalsiamu hidroksaidi. Unga huo ukizidishiwa maji huwa uji mzito. Waashi wa zamani waliuacha uji huo shimoni muda mrefu kabla ya kuutumia, kwani chokaa iliyokaa huwa laini na yenye kunata kuliko ya juzi.

Uji huo ukitiwa mchanga unakuwa udongo wa kujengea, na hapa pana tofauti ambayo wanafunzi wengi hutatizwa nayo. Chokaa na mchanga ni mchanganyiko. Mwashi huweza kutia mchanga mara mbili au mara tatu ya chokaa, kwa kadiri ya kazi yake, na kila chembe ya mchanga hubaki kuwa mchanga. Chokaa yenyewe, kwa upande wake, ni msombo. Haikubali kalsiamu mbili leo na tatu kesho. Kiasi chake kimekwisha kuamuliwa. Mtu akielewa kwamba fundi ana hiari juu ya mchanganyiko na hana hiari juu ya msombo, ameelewa jambo ambalo John Dalton wa Uingereza, katika kitabu alichoanza kukichapisha mwaka 1808, alilieleza kwa dhana ya atomu.

Wako waliopata kuijua chokaa kwa njia nyingine kabisa, nao ni mabibi zetu. Katika kijaluba cha tambuu chokaa haikosekani, pamoja na popoo na katu, na mate mekundu ya mlaji tambuu hutokana na chokaa hiyo kukutana na popoo na katu. (Mazoea hayo hatuyasifu: popoo imethibitishwa kuwa huleta saratani ya kinywa.) Chokaa ni besi, na besi zina tabia ya kubadilisha rangi za baadhi ya mimea. Mwanafunzi asiye na karatasi za litimasi achukue manjano ya jikoni ayakoroge kwa maji, kisha atie chokaa kidogo: rangi itageuka kuwa nyekundu ya kutu. Akikamulia ndimu, umanjano utarudi, kwa sababu asidi ya ndimu imeizima besi. Kila mama aliyemwagikiwa na mchuzi wa bizari juu ya kanga amekwisha kuliona jaribio hili, maana doa hilo la manjano huwa jekundu mara liguswapo na sabuni, nayo sabuni ni besi. Aliona, akasonya, akaendelea kufua. Hakuna aliyemwambia kwamba aliyokuwa akiyatazama ndiyo yaliyo katika sura ya asidi na besi ya kitabu cha mwanawe.

Tulikuwa kidato cha pili, katikati ya miaka ya 1980, mwalimu alipoingia darasani na chupa ya maji maangavu. Alimchagua mwenzetu mmoja apulize pumzi kupitia mrija. Maji yakawa meupe kama tui. Mwalimu akasema kwa Kiingereza kwamba hewa ya ukaa iliyomo katika pumzi imeungana na kalsiamu hidroksaidi na kufanya kalsiamu kabonati isiyoyeyuka, tukaandika. Unga wa kutengenezea maji yale ulikuwa umeagizwa kutoka ng'ambo, na ulipokwisha, jaribio halikufanywa tena kwa mihula miwili. Wakati huohuo ukuta wa darasa ulikuwa umepakwa chokaa, na sokoni, mwendo wa dakika kumi, chokaa ilikuwa ikiuzwa kwa kopo. Shida haikuwa fedha. Jina lililokuwa katika chupa na jina lililokuwa sokoni hayakuwahi kukutanishwa.

Laiti yangekutanishwa, tungeliona duara zima mara moja. Zile 74 za chokaa yenye maji, zikiachwa ukutani, huivuta hewa ya ukaa kidogo kidogo, 44 kwa 74, na kuyaachia maji yaliyomo, 18, yaende zake. Zinazobaki ni 100. Jiwe limerudi. Uzito uleule uliotoka baharini, ukapungua tanurini, ukanywa maji shimoni, sasa umerejea kuwa jiwe lilelile la kalsiamu kabonati, ila safari hii lina umbo alilolitaka mwashi. Msikiti wa Kizimkazi huko Unguja una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Kuta za majengo hayo ziliposimamishwa, udongo wake ulikauka juujuu kwa siku chache, lakini kugeuka kwake kuwa jiwe kulichukua miaka, na hewa iliyolifanya jiwe hilo ndiyo hewa iliyotoka vifuani mwa waliosali na waliolala humo.

Mwalimu wetu alimzuia mwenzetu asiendelee kupuliza mara maji yalipokuwa meupe. Angemwacha aendelee, weupe ungepotea na maji yangekuwa maangavu tena, kwa kuwa hewa ya ukaa ikizidi hulifanya jiwe liyeyuke. Ndivyo maji ya mvua, yaliyobeba hewa hiyo, yalivyoyachimba mapango ya Amboni kule Tanga.

Yapo maneno ya Kiswahili ya kuyasemea haya yote. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, mwaka uleule Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia masomo katika shule za msingi za Tanzania, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Maneno kama atomu, molekuli, elementi, asidi na besi yamekwisha kuzoeleka. Mengine, kama mmenyuko, yalichekwa yalipotokea, na baadhi yetu watunzi wa mashairi tulikuwa mbele katika kuyacheka. Siku hizi twayatumia bila kujitambua. Shuleni, hata hivyo, kijana avukapo kutoka darasa la saba kwenda kidato cha kwanza huacha Kiswahili mlangoni mwa maabara, na pamoja nacho huacha chokaa, manjano, ndimu na tanuri. Wengine husema kwamba lugha si kitu, muhimu ni fomyula. Sisi twaona fomyula ni ufupisho wa maelezo, na mtu hawezi kufupisha maelezo asiyokuwa nayo.

Hasara ya utengano huo tumeiona kazini. Palikuwa na jengo la kale, katika mji mmoja wa pwani, ambalo kuta zake zilikuwa zikimomonyoka. Fedha zikapatikana, mkandarasi akapewa kazi, naye akapiga lipu ya saruji nje na ndani. Kazi ilipokabidhiwa ilikuwa inapendeza. Baada ya masika chache ukuta ukaanza kutoa chumvi na unyevu, lipu ikavimba, kisha ikaanguka mapande kwa mapande, na kila pande likaondoka na sehemu ya jiwe la kale nyuma yake. Barua ziliandikwa. Katika jalada hilo, ambalo lilipita mezani petu, mkandarasi alilaumu mvua, na msimamizi alilaumu ubora wa saruji. Mwashi mmoja mzee aliyeitwa kutoa maoni alisema maneno yasiyofika mstari mmoja: "Mmeuziba ukuta pua."

Alikuwa amesema kweli ya kikemia. Ukuta wa matumbawe na chokaa una vitundu vingi vidogo. Unyevu huupanda kutoka ardhini na kuingia wakati wa mvua, kisha hutoka wenyewe jua linapowaka. Saruji nayo ni mtoto wa jiwe la chokaa, kwani hutengenezwa kwa kulichoma jiwe hilo pamoja na udongo wa mfinyanzi katika joto la nyuzi 1,450 hivi, kama kifanyavyo kiwanda cha Wazo, Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966. Lakini saruji haiungoji upepo. Huungana na maji ikawa ngumu upesi, ngumu kuliko jiwe la matumbawe lenyewe, na vitundu vyake ni haba. Ukuta wa kale uliovikwa saruji hufungiwa unyevu ndani pamoja na chumvi yake, na chumvi hiyo ikikauka huwa fuwele zinazokua na kulipasua jiwe. Saruji ni kitu bora mahali pake. Pale hapakuwa mahali pake, na mhandisi aliyesoma kemia kwa miaka sita hakulijua hilo, kwa sababu katika kemia aliyosomeshwa ukuta wa bibi yake haukuwamo.

Haitakuwa haki kuisifu chokaa ya zamani na kunyamazia gharama yake. Tanuri moja hula magogo mengi, na mawe yake si yote yaliyochimbwa nchi kavu. Katika sehemu za Mafia na Mtwara matumbawe hai yaling'olewa baharini kwa ajili ya tanuri, na palipong'olewa samaki walikosa makazi. Mbuga ya bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995 kuyalinda mambo ya namna hiyo. Isitoshe, hewa ya ukaa inayozidi duniani huyeyuka baharini na kuyapunguzia matumbawe uwezo wa kujijenga, kwa kemia ileile ya mrija na maji meupe. Kwa hiyo hatumshauri mwalimu yeyote amtume mwanafunzi baharini na mtaimbo.

Maganda yaliyokwisha kutupwa yatosha. Shule ya pwani itumie maganda ya chaza au ya kome. Shule ya bara itumie maganda ya mayai, ila ngozi yake ya ndani ibanduliwe kwanza, la sivyo itaungua na kuivuruga hesabu. Maganda yaoshwe, yakaushwe, yapimwe gramu 100, yatiwe katika chombo cha chuma na kuwekwa katikati ya makaa ya jiko yanayopulizwa kwa mivukuto mpaka yawe mekundu ya kung'aa, nayo yakae katika hali hiyo saa moja au zaidi. Yapimwe mara yakipoa, yasiachwe usiku kucha, maana yataanza kunywa unyevu wa hewani. Maji atie mwalimu mwenyewe, kidogo kidogo, akiwa amekinga macho, na wanafunzi wakae mbali. Chokaa itakayopatikana iachwe katika chupa ya maji mpaka itue. Lita moja ya maji huyeyusha chini ya gramu 2 tu, na maji maangavu yatakayobaki juu ndiyo yale ya kupulizia mrija. Na kabla ya hapo, mizani ikisoma gramu 70 badala ya 56, makaa yaongezwe na maganda yarudishwe motoni, kwani ndani bado ni mabichi.